Baba, Mwaka Mpya Huu Uliamkia Kwetu

Mwaka umetimia, baba Saturnini, tangu ulipofunga mzigo wako wa mipini nyuma ya bodaboda, ukatupungia mkono mmoja kama mtu anayekwenda sokoni, ukaenda Mbekenyera, kule Ruangwa, kwa dada yako, na hapa Nambambo hukurudi tena.

Tangazo hili lilitakiwa litoke tarehe ishirini na tisa Desemba, siku yenyewe uliyotutoka. Limechelewa. Wanaosoma wasidhani tulikusahau. Kulikuwa na jambo halijamalizika kati yetu na ndugu zako wa Ruangwa, na mimi binti yako Skolastika, niliyepewa kazi ya kuandika, siandiki habari ya jambo lililobaki katikati. Mama amesema niandike vizuri, nisitukane mtu. Nitajaribu. Wewe unanijua.

Watu wa hapa wanakukumbuka kwa mipini. Mvua zikishashika na mahindi yakianza kuinua vichwa, walikuwa wanaingia uani kwetu na majembe yasiyo na mikono, nawe ukiwatazama kwanza namna wanavyosimama. "Wewe unainama sana. Mgongo wako utakufa kabla yako." Halafu unakwenda nyuma ya nyumba, unatoka na mti, unakaa chini na tezo yako. Hukumpa mtu mpini wa mwenzake. Wangu ulikuwa mfupi kidogo na mnene pale pa kushikia, kwa sababu ulisema nashika jembe kama nimekamata shati la mtu ninayegombana naye.

Hukuwa mtu wa maneno. Mimi nikisimama kwenye mkutano wa kijiji kuuliza pampu ya maji imekufa lini na nani ameiua, wewe ulikuwa umekaa nyuma kabisa, karibu na wanawake wenye watoto wachanga. Tukirudi njiani nakuuliza, baba, nimesema vibaya? "Umesema kweli," unanijibu. "Ila mwenyekiti naye ana tumbo. Leo hatakula." Kesho yake unanituma nimpelekee mihogo.

Hayo ni ya mwaka mzima. Lakini kidonda chetu kipo kwenye ile wiki ya mwisho ya mwaka, na leo nitakisema mbele za watu.

Kila mwaka wiki ile ilianza vizuri. Siku ya mkesha wa Krismasi mama alikuwa ameshaotesha mtama wake kwa togwa, ameukausha, ameusaga. Wewe na kaka Silvanus mlisiriba ukuta wa mbele kwa udongo mwekundu, pale mvua ilipomega. Sisi tuliosha sahani za kabatini ambazo mwaka mzima hazitoki. Uani kulinuka udongo mbichi na embe zilizopondeka, na jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko, anatutazama kwa dharau kama anajua kwamba hatuna ruhusa ya kumgusa.

Na kweli hatukuwa na ruhusa. Jogoo wetu wa Krismasi alikuwa anamsubiri Hemedy.

Kwa asiyemjua, Hemedy ni mtoto wa shangazi Mwamina, dada yako. Wewe na shangazi mlitoka tumbo moja mkafuata dini mbili. Wewe ulibatizwa ulipokuwa unafanya kazi misheni, yeye akabaki na Uislamu wa wazazi wenu, na sijawahi kusikia mmegombana kwa hilo hata siku moja. Hapa kwetu majirani wengi ni Waislamu, kwa hiyo kuku wa sikukuu anachinjwa na Mwislamu ili wote wale. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni huu: Mzee Harithi anaishi ng'ambo ya njia, ana kisu, ana mkono, ana nia. Kwa nini kisu chetu lazima kishikwe na mtu wa kutoka Ruangwa?

"Ni mpwa wangu," ulikuwa unasema. Basi. Kama vile neno hilo ni sheria ya nchi.

Tukitoka kanisani tunakaa. Saa zinakwenda. Mama anatia maji sufuriani, yanachemka, yanapungua, anaongeza. Watoto wa jirani wanapita na midomo ya mafuta. Wewe umekaa pale mbele umevaa shati lako jeupe, unatazama njia. Hukuwahi kututazama sisi namna ile, baba. Sisi tulikuwapo tu, kama nguzo za nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa anakuja.

Nakumbuka mwaka ule Silvanus alipochoka kusubiri. Mvua ilikuwa imekata barabara, bodaboda ya Hemedy ikakwama Likunja, na kaka yangu akasema sikukuu haimngoji mtu, akachukua kisu akamchinja jogoo mwenyewe. Jioni Hemedy akafika amelowa, matope mpaka kifuani. Akaona manyoya, akaelewa, akacheka tu. "Mmeniponza, watani. Mwenzenu naondoka na njaa."

Wewe hukumgombeza Silvanus. Ingekuwa afadhali. Uliinuka mezani, ukaiacha sahani yako yenye paja, ukaokota embe, ukatoka nje ukakaa na Hemedy kwenye gogo lako la kuchongea. Mkala embe. Sisi tupo ndani na nyama, ninyi mpo nje na embe, mmetugeuzia migongo, na mlikuwa mnacheka. Mpaka leo nyama ya jogoo ina ladha ya ile siku mdomoni mwangu.

Na hiyo ilikuwa Krismasi, siku yetu! Maana tarehe ishirini na saba, bila kukosa, mvua inyeshe au jua liwake, ulikuwa unaondoka. Unaamka mapema, unafunga mipini uliyowachongea watu wa kule, ile mirefu iliyosuguliwa mpaka inang'aa, wa Hemedy ukiwa na urembo wa kuchoma kwa chuma cha moto pale kichwani. Wangu haukuwa na urembo. Nilikuuliza siku moja. Ukasema urembo hauongezi mpini nguvu. Kama hauongezi, baba, ulimwekea wa nini?

Unakwenda kula mwaka mpya Mbekenyera. Kila mwaka. Mwaka nilipojifungua Faith, ana siku chache tu duniani, ulimshika, ukampa jina, ukafunga mipini ukaondoka. Sisi tulikuwa tunauamkia mwaka mpya na mama, nyumba ina mwangwi, tunasikia kwa jirani wazee wakiwabariki watoto wao. Mama alikuwa anasema, "Ndugu wa mwanaume hawaishi. Nilijua tangu nilipoolewa." Akatia kuni jikoni. Mimi sikuolewa na wewe, baba, mimi nilizaliwa. Sikupewa nafasi ya kujua mapema.

Wenye kusoma kutoka mbali waelewe desturi yetu. Kwa ukoo wetu mtoto ni wa upande wa mama. Mtu mwenye amri juu yako na mwenye mzigo wako ni mjomba wako, na wewe baba ulikuwa mjomba barabara. Hemedy alipofaulu, ulimpeleka sekondari. Mimi nilipofika la saba, ukanishika bega ukaniambia, kwa upole kabisa, "Wewe una wajomba zako." Mjomba wangu, Severini, kaka yake mama, alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kabla sijaota meno, na hajaleta hata salamu. Basi nikajisomesha kwa magazeti ya kufungia vitumbua. Habari inaanzia katikati, mwisho umeloa mafuta. Ndiyo maana mpaka leo kila nikisikia jambo nauliza limeanzia wapi.

Halafu mwaka juzi ndugu zako wakapata na kifo chako.

Simu ilipigwa na Hemedy. "Skola, mjomba aliinama kuchonga, hakuinuka."

Nikamwambia, "Mwinueni basi!"

Akasema, "Tumemwinua, dada. Ameshakwenda."

Tulipofika Mbekenyera kaburi lilikuwa limeshachimbwa, pembeni ya mama yako. Katekista wa kule alikuwa ameshaitwa. Waislamu na Wakristo walikuwa wameshagawana kazi, kila mtu anajua pa kusimama isipokuwa sisi. Mama akapewa kiti. Kiti, baba! Wanawake wote wa msiba wako chini kwenye mikeka, mke wa marehemu anawekwa kwenye kiti cha plastiki kama mgeni kutoka wilayani. Nilikikumbuka kiti kile mwaka mzima.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Krismasi iliyopita, ya kwanza bila wewe, tulisiriba ukuta. Mama aliotesha mtama. Jogoo akafungwa kwenye nguzo, na sikumwambia mtu amsubiri nani. Nikasema moyoni, mwaka huu Mzee Harithi atakula riziki yake. Hatujakaa sawasawa tukasikia pikipiki.

"Mke wangu!" Hemedy huyo, anapiga kelele tangu njiani, maana sisi watoto wa dada na kaka ni watani tangu kuzaliwa. "Mwenyekiti bado hajakufunga?"

"Mume gani anakuja saa ya kula?"

"Nimekuja na kisu. Wewe una nini zaidi ya mdomo?"

"Mdomo huu umekuzidi wewe na cheti chako."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze. Hemedy akamchinja jogoo. Lakini nilimwona anavyokitazama kiti chako cha mbele, na hakukikalia. Tulipomaliza kula akanawa, akavua kofia, akamgeukia mama.

"Mama, nimetumwa. Tarehe ishirini na tisa wazee wanataka kunipa jina."

Wasiojua wajue tena. Kwetu, mwaka ukitimia, jina la mjomba halilali. Linapewa mtoto wa dada. Anapakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Siyo kama mfano. Mjane anamwita kwa heshima ile ile. Watoto wa marehemu wanamwamkia na kumwita baba.

Mama akasema taratibu, "Ni haki yako, mwanangu."

"Haki?" Mimi nilikuwa nimeshasimama. "Nimwamkie huyu? Huyu niliyembeba mgongoni, nikamfuta kamasi kwa kanga yangu? Amekula sekondari, amekula mwaka mpya, amekula msiba, sasa anakula na jina?"

"Unadhani mimi napenda?" Hemedy naye akapandisha sauti. "Nikiwa baba yako nitamtania nani? Wewe ndiye mtani pekee niliyebaki naye. Nitakaa na nani nimtukane akanitukana?"

"Basi kataa."

"Jina la mjomba ninalikataaje, Skola? Nitamwambia nini pale alipolala?"

Sikulala vizuri siku zile. Nilitunga hotuba. Nilipanga nianze na jogoo, nipite sekondari, niteremke kwenye kiti cha plastiki, nimalizie kwa kuwaambia wazee wa Ruangwa kwamba jina hili halitoki Nambambo mpaka kieleweke. Silvanus aliponiona nazunguka uani nikiongea peke yangu, akasema, "Maskini Mbekenyera."

Tukaenda. Kaburi lako wamelipalilia vizuri, hapo sina la kusema, na lingekuwa na magugu ningelisema. Katekista akasali, shehe akasoma dua, Babu Abdalah, mkubwa wa ukoo, akatoa unga kwenye kibuyu. Hemedy kakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kama mtoto. Akapakwa paji la uso. Shangazi Mwamina akapiga kigelegele, halafu kikamkatikia kooni akalia. Na mimi nikasimama.

"Nina swali."

"Skola," Babu Abdalah akasema, "huu si mkutano wa kijiji."

"Watu wamekaa, mtu mmoja anapewa cheo. Kwangu mimi huo ni mkutano."

Watu wakacheka kidogo.

Baba, nilikuwa na hotuba yangu yote kichwani, imepangwa vizuri. Lakini nilipomtazama Hemedy na ule unga, jasho linamtiririka linachora mistari, nikaona kitu ambacho sikukiona usiku wote niliozunguka. Nikaiacha hotuba.

"Huyu aliyekaa hapa sasa ni nani?"

"Ni Saturnini," wakajibu.

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Saturnini ni nani kwangu mimi?"

Babu Abdalah alinitazama kwa jicho la mtu anayejua kuna shimo mbele lakini njia ni hiyo hiyo moja. "Ni baba yako."

"Haya. Mmesema ninyi, si mimi. Baba yangu hajawahi kuuamkia mwaka mpya nyumbani kwake na sisi watoto wake, tangu tuzaliwe. Alikuja huku kila mwaka, na mwaka jana akabaki huku kabisa. Sasa mmenirudishia baba mzima. Nashukuru. Mwaka mpya huu anaamkia Nambambo. Kama hawezi, futeni huo unga."

Mama yangu aliinamisha uso kwenye kanga, sijui alikuwa anaona aibu au anacheka. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilihakikisha.

Shangazi Mwamina ndiye aliyesimama. Mguu wake unamsumbua, aliinuka kwa kushika bega la Hemedy.

"Skola. Wewe ulikuwa na kaka yangu mwaka mzima. Mimi nilikuwa na wiki. Sasa unaitaka na wiki?"

Nilijua neno hilo lina uzito. Sikukaa lakini.

"Shangazi, mimi nilikuwa na baba wa matope. Amechoka, hasemi. Wewe ulimpata amenawa, amevaa shati jeupe. Nipe na mimi mara moja niuone huo uso."

"Uso upi?" Akazidi kuliegemea bega la Hemedy. "Akifika hapa neno lake la kwanza ni Skola kasema hivi, Skola kamjibu mwenyekiti vile. Mpaka mwanangu huyu alikuwa anatoka nje kwa hasira. Nilikuwa najiuliza, huyu kaka yangu amekuja kuniona mimi au amekuja kunisimulia binti yake? Unaniomba wewe! Ungeniachia mimi kitu!"

Nilimtazama Hemedy. Akaangalia chini. "Kweli," akasema. "Nilikuwa nakuchukia kila Desemba. Krismasi nakuja nakucheka, tarehe ishirini na saba naanza kukuchukia."

Ningependa kuandika kwamba hapo tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Nilifurahi, baba, nilifurahi vibaya, kama mtu aliyekuta mwenzake naye ana jipu. Na hapo hapo nikakukasirikia wewe. Kumbe ulikuwa unayasema maneno yale, ulikuwa unayo, ukayabeba mpaka Ruangwa kuwapa watu wasioyataka. Mimi niliyeyataka ukanipa mihogo nimpelekee mwenyekiti.

Hemedy akasema, "Nitakwenda Nambambo." Shangazi akageuza uso.

Alikuja mkesha wa mwaka mpya, mchana, manyunyu yanapiga. Nyuma ya bodaboda kafunga mzigo wa mipini. Nilipouona mzigo ule unaingia njia yetu, unaingia badala ya kutoka, nilishika nguzo ya jiko.

Asubuhi ya mwaka mpya nilikuwa nasubiri. Nilitaka kujua hatimaye mlikuwa mnafanya nini kule. Miaka yote tulikuwa tunakisia: Silvanus alisema lazima kuna pilau, Faith akasema kuna ngoma, mimi nilisema kuna kila kitu. Alfajiri mlango ukagongwa.

"Amkeni. Majembe."

"Majembe?" Faith akatoa kichwa. "Baba mdogo, leo si mwaka mpya?"

"Ndiyo maana. Na baba mdogo kafa juzi, mimi ni babu yako. Mstari mmoja kila mtu, ndiyo tunakula. Mjomba hakumpa mtu chai kabla ya mstari wake. Mama yangu mguu mbaya, shamba lake bila sisi lilikuwa linamezwa. Mlidhani kule tunafanya nini?"

Nilimtazama mama, mama akanitazama. Miaka yote ile. Magugu! Niliona wivu wa magugu!

Tukaingia shambani, udongo umelowa, mahindi yamefika gotini. Hemedy akagawa mipini aliyochonga mwenyewe. Mkono wake umezoea kuuza dawa na mbegu dukani Ruangwa, mipini ile imepinda kama miguu ya mbuzi mzee. Wangu aliufanya mfupi, mnene pale pa kushikia. Na kichwani, baba, kulikuwa na urembo wa kuchoma. Umeungua vibaya, umeenda upande, huelewi ni jani au mjusi. Nikaupokea, nikautia kwenye jembe langu.

Tukaanza mistari yetu. Hatua chache mbele Hemedy akaanza kuimba, taratibu, Kimwera.

"Unaimba nini?"

"Wimbo wake. Alikuwa anaimba akipalilia."

"Nani alikuwa anaimba?"

"Mjomba."

Nikasimamisha jembe. Wewe? Nimepalilia nawe tangu nikiwa mdogo kuliko jembe lenyewe, sikukusikia hata ukipiga mluzi. Nyumbani kwetu mama ni Mmakua, wewe Mmwera, tukalelewa kwa Kiswahili, na Kiswahili chako kilikuwa kifupi, cha kazi: leta, weka, funga mlango. Nilidhani hicho ndicho kipimo chako. Kumbe ulikuwa na mdomo mwingine mzima umeuacha Mbekenyera, na ndani yake mlikuwa na nyimbo.

Afadhali ingekuwa pilau, baba. Pilau ningesamehe.

"Nifundishe," nikamwambia Hemedy.

"Sema kwanza."

Nilijua anataka nini. Mvua ilikuwa inaanza tena, Faith na Silvanus wameinua vichwa, mama kasimama mwisho wa mstari wake na kanga kichwani. Nikapiga goti kwenye matope.

"Shikamoo, baba."

Hemedy akafungua mdomo. Niliona utani umemjaa mpaka kwenye mashavu, tusi zuri kabisa, lile la kustahili siku kama ile. Akalimeza.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka.

Tukapalilia. Nimeshika maneno mawili ya wimbo wako, mengine bado ni ya kwao. Shangazi alipiga simu adhuhuri kuuliza kama Hemedy amekula, na sauti yake ilikuwa ile ile yangu ya miaka yote ya kuachwa. Nilimwambia amekula. Halafu nikamwambia mwakani tutapokezana. Akasema, "Mwakani ni mbali."

Jioni nilifungua viganja nikakuta malengelenge, yamejipanga kuanzia kidole cha shahada. Mpini wako haukuwahi kunitoa lengelenge hata moja. Nilikaa kwenye gogo lako nikaviangalia viganja, na hapo ndipo nilipoelewa hasa, baada ya mwaka mzima wa kugombania jina, na wiki, na kaburi, kwamba umekufa.

Jembe lile natumia hivyo hivyo. Nimemkataza Silvanus asiunyooshe mpini wake.

Wanaokukumbuka ni mkeo Magreti. Watoto wako Skolastika na Silvanus. Mjukuu wako Faith. Dada yako Mwamina wa Mbekenyera, ambaye mama amesisitiza nimtaje na nimemtaja. Babu Abdalah na ukoo wote wa Ruangwa. Mzee Harithi ng'ambo ya njia, ambaye bado hajapewa jogoo. Na Saturnini, aliyekuwa Hemedy.

Baba, tutakukumbuka siku zote za mwaka. Na ile wiki ya mwisho, zaidi yao.